Shikamoo Niliyompa Mtani

Jirani yangu hapa Lindi huchemsha ming'oko na kuiuza barazani kwake, na harufu yake ikipita dirishani mimi huacha chochote ninachokifanya. Kwa asiyeijua, ming'oko ni mizizi ya porini, miembamba, yenye ganda la rangi ya udongo. Watu wa kwetu huichimba kiangazi, huichemsha, kisha huimenya kwa meno na kuila kwa chumvi na pilipili. Harufu yake si ya chakula hasa. Ni harufu ya shimo lililofukuliwa sasa hivi, likamwagiwa maji ya moto. Wenzangu wengi wa rika langu hukumbushwa nyumbani na hiliki au na samaki wa kukaanga. Mimi hukumbushwa na hiyo, na kila inaponifikia huwa kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa na hajui jibu.

Nimelianza andiko hili mara nyingi na kulifuta. Sikusomea uandishi popote. Nimejifunza kwa kusoma chochote kilichopita mikononi mwangu, hata kurasa za magazeti zilizofungiwa karanga, na labda ndiyo maana siamini sentensi yangu mpaka niivunje na kuiunga upya. Lakini hofu ya kukosea haikunianzia kwenye kuandika. Nilikuwa nayo tangu nikiwa na mapengo ya meno ya mbele, kiangazi kile alichofariki babu yangu huko Mitole. Kiangazi hicho nilirithishwa mtu, nami nikamrudisha kwa adabu nzuri kabisa.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani Kilwa Masoko. Alinilea kama alivyoshona: pindo limenyooka, uzi hauning'inii. Mkubwa akipita, shikamoo. Ukipewa kitu, mikono miwili. Neno chafu halikutamkwa nyumbani kwetu hata kwa kuku aliyeingia jikoni. Mimi nilizipenda sheria hizo. Mtoto mwenye wasiwasi hupenda sheria, kwa sababu akizifuata zote anajua hakuna atakayemgombeza. Watu walinisifu sokoni, na nilizikusanya sifa hizo kama wenzangu walivyokusanya makombe ufukweni.

Babu peke yake ndiye aliyenitoa kwenye pindo langu. Aliniita mke wangu, kama mababu wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu zao wa kike, na kila tulipokwenda Mitole alinipokea kwa malalamiko: "Umechelewa, mke wangu, huyu bibi kizee wako amenilisha ugali mbichi." Alikuwa akichechemea mguu wa kushoto kwa sababu aliwahi kuanguka kutoka juu ya mkorosho. Nilipenda kutembea nyuma yake, nikiusikiliza ule mguu ukichelewa kidogo kwenye majani makavu.

Alipofariki, tulifika Mitole asubuhi, na watu walikuwa wamejaa uani. Wanawake walikuwa ndani na bibi. Nilikaa karibu na mlango, nikilia kimya kimya kama nilivyoona inafaa. Hapo ndipo nilipousikia mguu wa babu.

Nilisikia vizuri: hatua moja, halafu ile ya kuchelewa. Nikainuka. Uani alikuwa anaingia mwanamke mpana, amevaa koti la babu juu ya kanga, kofia ya babu kichwani, amejiegemeza kwenye mkongojo wa babu, anachechemea mguu uleule. Alifika mlangoni, akajilaza kizingitini ili jeneza lisipite.

"Hatoki mtu hapa!" akapiga kelele. "Kiguru huyu aliniahidi kwamba yeye ndiye atakayenizika mimi. Mwongo mkubwa! Ameiona kazi ya kuchimba, akaamua afe kwanza!"

Nilingoja mtu amtoe. Nilingoja wajomba zangu wamkamate. Badala yake mjomba mkubwa alisema, "Ondoka bwana, ardhi itakosea idhani marehemu ni wewe, maana unanuka zaidi yake." Watu wakacheka.

"Siondoki mpaka nipewe haki yangu. Mkikataa namwamsha!"

Wakamletea kuku. Akamwinua kwa miguu, akamtazama huku na huku. "Kuku gani huyu? Amekonda kuliko maiti!"

Nilisikia kicheko ndani ya nyumba, kati ya wanawake waliokuwa wakilia, na nikakitambua. Kilikuwa cha bibi.

Sina hakika kama ninaweza kueleza vizuri jambo lililotokea moyoni mwangu, na hapa ndipo ninapofuta kila mara. Niliamua kwamba hakuna hata mmoja pale aliyempenda babu ila mimi. Mjane alicheka. Watoto wake walicheka. Na yule mwanamke alikuwa amefurahi kiasi cha kuvaa nguo zake. Nilifunga uso wangu kama mlango, nikaapa kwamba angalau mtu mmoja atakaa na msiba huu kwa heshima.

Baada ya mazishi mama alirudi Masoko kwa sababu ya kazi, mimi nikaachwa Mitole nimliwaze bibi. Bibi alikuwa ameingia eda, hatoki nje ya ua. Mimi ndiye niliyekuwa miguu yake: kisimani, dukani, kwa jirani kuomba moto. Kijiji kilinipokea kwa namna ambayo hata sasa nikiikumbuka naona aibu kuwa sikuipokea vizuri. Watu nisiowajua waliniita mjukuu. Walinijaza machungwa mikononi, walinionyesha mti ambapo ndege hondohondo walikuwa wakigombana, walinifundisha kutofautisha unyayo wa nguruwe na wa mbuzi kwenye mchanga wa njia. Nilisema ahsante kwa kila kimoja, kwa mikono miwili.

Na kila siku alikuja Bi Somoe. Hilo ndilo lilikuwa jina la yule mwanamke wa koti. Alikuwa na shamba ng'ambo ya njia, na hakupita bila kuingia.

"Mke mwenzangu yuko wapi?" angeuliza tangu mbali. Alikuwa ananikusudia mimi. "Yule aliyeolewa na Kiguru akiwa hana meno?"

Bibi angecheka ndani. Mimi ningeendelea kuosha vyombo.

"Isugue tena hiyo sahani, mama. Isugue. Kesho tutakula kwenye tundu."

Siku nyingine: "Tazameni anavyotembea! Anapima ardhi. Huyu ametumwa kutoka wilayani, anataka kutunyang'anya shamba." Siku nyingine alishika kichwa changu kwa mikono yake yote, akakigeuza kama anayechagua nazi sokoni. "Kichwa hiki ni cha Kiguru mwenyewe. Amekufa hajazikwa nacho, amekuachia wewe. Utakibebea nini, mtoto wa watu?"

Kisha angesubiri. Nilikuwa sijui kwamba anasubiri. Nilimwona tu amesimama, mdomo umefunguka kidogo, macho yananiangalia, kama mtu aliyerusha mpira. Nami niliinamia sahani. Nilijua neno moja tu la mtu kama yule, chuki, na nilijua sheria moja tu ya mtoto: mkubwa hajibiwi.

Mikorosho ilipoanza kuchanua, wanawake wa upande wetu walikwenda porini kuchimba ming'oko. Bibi alinituma niende nao. "Nenda, ukaniletee kidogo," alisema. "Somoe atakuangalia." Nilitaka kukataa, ila hilo nalo lilikuwa kosa.

Nisiposema kwamba siku ile ilikuwa nzuri nitakuwa nimedanganya. Tulipita mashamba tukaingia pori la nyasi za manjano, ardhi nyekundu, miti imepukutika, na juu yake mbingu pana ya kiangazi. Nyani walitutazama kutoka kwenye kichuguu kama wazee wa baraza. Ming'oko haionekani kwa majani; unatafuta mtambaa mwembamba kama uzi uliokauka juu ya kichaka, unaufuata kwa vidole mpaka unapoingia ardhini, halafu unachimba kwa muo, kijiti kilichochongwa ncha. Ukiwa na haraka mzizi unakatika. Bi Somoe alinipa muo wake mwenyewe.

"Chimba, mke mwenzangu. Mume wetu alikuwa akiipenda, ndiyo maana hakuacha hata mmoja."

Wenzangu walichimba, walikata, walitupa kikapuni, wakahama. Mimi nilipiga magoti mbele ya mtambaa mmoja. Nilitaka kuutoa mng'oko mzima, bila jeraha, na ncha yake. Nilitoa udongo kwa kucha. Nilipuliza vumbi kwa mdomo. Jua lilihama toka mgongoni hadi kisogoni, na vikapu vya wengine vilijaa, nami nilipoinuka hatimaye nilikuwa nao mkononi, mrefu, haujakatika popote. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilijisikia furaha.

Bi Somoe aliuchukua, akauinua juu.

"Jamani, njooni! Mke mwenzangu amejifungua!"

Wakaja wote. Aliufunga mng'oko wangu kwa upande wa kanga, akaubeba mgongoni kama kichanga, akaanza kuubembeleza huku akichechemea mguu wa kushoto. "Tazameni, amefanana na baba yake. Mweusi, mwembamba, mguu umepinda! Nyamaza, Kiguru mdogo, nyamaza, mama yako ataoga kwanza halafu akunyonyeshe, ni msafi sana huyu." Wanawake walikuwa wameshika mbavu. Mmoja alikaa chini kabisa.

Machozi yalinijaa. Bi Somoe aliyaona. Alikuja karibu, akainama mpaka nikanusa ugoro, ugoro uleule wa babu, na akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Nijibu, basi. Nitukane. Hata neno moja."

"Mjibu mtani wako, mwanangu," akasema mwanamke mwingine, bado anacheka. "Usimwache na njaa."

Wote wakanisubiri. Nilitafuta kichwani neno la kusema. Nilijua kwamba lolote nitakalosema litakuwa baya, kwamba watacheka tena, kwamba huu ni mtego na mama atasikia mpaka Masoko. Kwa hiyo nilichukua kitu pekee nilichokuwa na hakika nacho. Nilipiga goti kidogo kama nilivyofundishwa, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Yule aliyekaa chini alisimama, akajipangusa majani. Bi Somoe alinyooka taratibu. Aliufungua mng'oko mgongoni, akaufuta udongo kwa kiganja, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu."

Tangu siku ile hakunitania tena. Alikuja vilevile kila siku, lakini alibisha hodi. Aliniuliza nimeamkaje. Alinipa pole ya msiba, pole ya kazi. Aliniita mwanangu. Nami nilimwamkia shikamoo asubuhi na shikamoo jioni, naye aliitikia zote, na nilivimba kwa fahari. Nilikuwa nimemshinda. Nilikuwa nimemfundisha adabu, mimi, mtoto wa mapengo, pale ambapo wajomba zangu wote walishindwa.

Bibi ndiye aliyegundua. "Somoe siku hizi haji?" aliniuliza kutoka ndani.

"Anakuja, bibi. Amekuja sasa hivi."

"Mbona simsikii?"

"Ananiheshimu sasa," nikasema.

Bibi akasema, kama mtu anayejaribu mlango uliokwama: "Kesho akija mwambie meno yake yamekaa kama uzio uliopitiwa na ng'ombe."

"Bibi! Nitapata dhambi."

Alicheka, lakini si kile kicheko chake. "Haya," alisema. "Basi."

Sijui kwa nini hakunieleza. Nimewahi kumlaumu. Siku hizi nadhani hakukuwa na namna. Mtani haelezwi, kama vile mtu hawezi kukueleza kwa nini uliyeanguka naye mtini ukiwa mdogo ni ndugu yako. Lakini maneno ya bibi yalinibaki. Nilianza, nikiosha vyombo, kutunga jibu. Si kwa ajili ya kulisema. Kwa ajili ya kuona tu kama lingewezekana. Kuhusu meno niliona limetumika. Kuhusu unene wake niliona ni rahisi mno. Nilitunga moja juu ya sauti yake na nyani, nikalibadilisha, nikalipunguza, nikaona nyani hawastahili. Kila asubuhi nilikuwa na jibu zuri kuliko la jana, na kila asubuhi halikuwa tayari. Bi Somoe alipita, hodi, hujambo mwanangu, akaenda zake.

Mama alipokuja kunichukua, Bi Somoe alitusindikiza mpaka barabarani. Alikuwa amenikaangia korosho, amezifunga kwenye kipande cha kanga. Alinipa kwa mikono miwili, akaniombea dua ndefu ya safari, kwa sauti ya upole kabisa, na mama alinitazama kwa namna aliyonitazama pale nilipokuwa wa kwanza darasani. Kwenye gari nilimwambia mama, "Mwanzoni Bi Somoe alikuwa hanipendi, lakini sasa ananipenda."

Bibi alipomaliza eda aliletwa Masoko kuishi nasi, na hatukuwa tena na sababu ya kwenda Mitole. Nilikuwa msichana mkubwa siku tuliyokuwa tukichambua mchele uani, akaniambia bila mimi kumwuliza. Kwamba ukoo wa babu na ukoo wa Bi Somoe ni watani tangu zamani wasizozijua. Kwamba mtani ndiye anayeosha msiba kwa mdomo wake. Kwamba siku ile, jeneza lilipokwenda na watu wote wakaondoka, Bi Somoe alibaki nyuma ya nyumba, amelikalia lile koti, kuku mkononi, hasemi.

"Sisi tulilia tukamaliza," bibi alisema. "Yeye hana ruhusa. Mtani akilia msiba unaharibika. Alikuwa na babu yako tangu wanachunga ndege shambani, hakuna siku waliyosalimiana kwa heshima. Babu yako alipokufa, Somoe alitafuta wa kumtania badala yake. Akakuona wewe, una kichwa chake."

Nilimwuliza, na mimi je.

"Wewe ulimpa shikamoo," bibi alisema, akapuliza makapi. "Mtani haamkiwi, mjukuu wangu. Anayeamkiwa ni mtu wa mbali."

Bibi naye ametangulia sasa. Kiangazi kilichopita nilikwenda Mitole peke yangu. Nilikuwa na jibu. Nililitunga upya kwa wiki nzima, nikalisema mbele ya kioo, nikalijaribu kwa sauti kubwa na ndogo, mpaka jirani wa ming'oko akaniuliza kama nagombana na mtu kwenye simu. Nilishuka barabarani nikachukua bodaboda. Kijana alipolisikia jina alicheka: "Bi Somoe? Yule mtani wangu. Jifunge mkanda."

Tulimkuta ameketi uani, amezeeka, amepungua, lakini macho yaleyale. Alianza kabla pikipiki haijazimwa.

"We shingo bua la mtama! Umemleta nani kwenye hilo bati lako linalokohoa?"

"Nimeleta wa kukuzika," kijana akajibu. "Umechelewa mno, kaburi linaota nyasi!"

"Litaota mpaka mahindi, utakula wewe na mkeo!"

Walicheka wote wawili, na nilihisi moyo wangu ukipanda. Bado yupo, nikawaza. Bado mlango uko wazi. Nikashuka, nikajitambulisha kwa jina la babu.

Alisimama papo hapo. Alivuta kiti kizuri, akakipangusa kwa ncha ya kanga. "Karibu, mgeni. Karibu mama, keti. Nakukumbuka sana. Ulikuwa mtoto mwenye adabu mno, sijapata kuona."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Lakini jibu lilikuwa tayari, limesuguliwa, halina jeraha popote, na nililitoa.

"Na wewe bado upo, Bi Somoe? Au Izraili alifika mlangoni, akalisikia domo lako, akaona heri achukue watu wanyamavu?"

Lilikuwa zuri. Nalisema hilo bila majivuno. Lilikuwa zuri, na babu angelipenda. Kijana wa bodaboda aliangalia tairi la mbele. Bi Somoe alinitazama, akamtazama yeye kama anayeomba kutafsiriwa, kisha akanirudia mimi. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na huzuni ya mtu mzima aliyetukanwa na mgeni nyumbani kwake, na anataka kujua sababu ili arekebishe.

"Nimekukosea nini, mama?" aliuliza.

Nilitaka kumweleza. Nilifungua kinywa, na kila sentensi niliyoigusa ilikuwa ya kueleza, na utani ukishaelezwa umeshakufa. "Hukunikosea, bibi," nikasema. "Nisamehe. Ni uchovu wa safari."

"Ah, hamna neno. Safari ni ndefu. Pumzika."

Akaagiza kuku akamatwe. Akanipeleka ndani kwenye kivuli, akanitandikia mkeka mpya. Baadaye aliniletea wali, na firigisi kwenye kisahani chake peke yake, kama anavyowekewa mgeni wa heshima, akaninawisha mikono kwa maji ya uvuguvugu, akaniambia nile nisione haya, hapa ni kwetu. Halafu alitoka nje ili asinibane.

Nilikula firigisi. Kupitia dirishani nilimsikia amemrudia yule kijana na shingo lake, naye akamrudia yeye na kaburi lake, sauti zao zikipanda moja juu ya nyingine, wakicheka mpaka wakakohoa.